Kioo cha kabati kilivyonituliza mguu nisio nao

Anayesema mguu uliokatwa hauumi, hajakatwa mguu. Mimi nilikatwa wa kushoto, chini ya goti, baada ya ajali ya bodaboda. Kidonda kilipokauka ndipo vidole nisivyo navyo vilipoanza kujikunja usiku kama vimebanwa mlangoni.

Ushauri niliopewa unanikera mpaka leo. Shangazi yangu, ninayempenda sana, alishikilia kwamba mguu ulizikwa umepinda, ufukuliwe unyooshwe. Jirani akasema ni mkono wa mtu. Wa duka la dawa akaniuzia diklofenaki, zikaniunguza tumbo na vidole havikuachia. Wengi huishia hapo, wananyamaza wasije wakaitwa wehu, na hilo linaniuma kuliko yote.

Aliyenielewa ni dada wa mazoezi tiba pale hospitali ya KCMC, Moshi. "Kaka, maumivu yako ni ya kweli," aliniambia. Ubongo bado una ramani ya mguu, unauamuru na haupati jibu. Mishipa ya fahamu iliyokatwa nayo haiachi kupeleka habari za uongo. Wengi waliokatwa kiungo hupatwa na hali hii. Daktari Mmarekani, Silas Weir Mitchell, aliiandikia mwaka 1871 baada ya kuwatibu askari wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Basi hakuna aliyeniloga! Daktari akaniandikia amitriptilini kidogo ya kunywa usiku. Inakausha mdomo, lakini nililala, na bei yake haitishi.

Ila kilichonikomboa ni kioo, mbinu iliyoanzishwa na mtafiti wa ubongo, V. S. Ramachandran, miaka ya 1990. Nilianza na kioo cha kunyolea: kikaonyesha kifundo tu, ubongo haukudanganyika. Nikaenda kwa fundi seremala, akaning'olea kioo cha mlango wa kabati bovu kwa hela ya soda. Kingo nikazizungushia mpira wa tairi la baiskeli. Nikakaa kitandani, mgongo ukutani, kioo nimekisimamisha katikati ya mapaja, uso wake ukitazama mguu wa kulia, kigutu kimefichwa nyuma. Nikainamia kulia, na mguu wa kushoto huo hapo, mzima! Unakunja vidole polepole, unakunjua, huku ukiviamuru na vile visivyokuwepo vifuate. Siku za mwanzo nilipata kizunguzungu, nikalia. Nikaendelea, robo saa kila jioni, mpaka jioni moja vidole vya kushoto vikafunguka. Nilimwita mke wangu kwa nguvu, akaja mbio akidhani nimeanguka.

Kigutu kisugue kwa kitambaa laini, kikizoea uende kwenye taulo. Mguu wa bandia ukiupata uuvae. Nilipoanza kuuvaa kutwa, maumivu yalipungua tena. Wangu ndugu walinichangia, laki kadhaa. Moshi kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia, na Dar es Salaam hospitali ya CCBRT wanavitengeneza. Kioo kikikuzidishia maumivu, kiweke chini ukamwone mtaalamu. Kigutu kikivimba au kutoa usaha, usisubiri kesho.

Aliyekatwa mkono afanye vivyo hivyo mezani, ila avue saa na pete kwanza: ubongo ukiona saa ambayo mkono uliopotea hauivai, unagoma.