Mguse Kwanza

Juzi wifi yangu katuma picha ya mwanawe kwenye grupu la familia, uso mzima kaufunika na emoji ya ua. Yanaonekana masikio tu. Shangazi akauliza, "Sasa hapa tusifie nini?" Nami nikamkumbuka bibi wa Oaxaca, kule Mexico.

Mexico nilikuwa nasifu kila kitu. Kihispania changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini "qué rico" kwa chakula na "qué bonito" kwa vinginevyo vilinitosha kabisa. Mama muuza tlayuda, ile chapati kubwa ya mahindi, aliniongezea jibini bila kuombwa.

Asubuhi moja tuko sokoni Oaxaca, Mercado 20 de Noviembre. Moshi wa nyama umejaa ule ujia wa wachomaji, sisi tumejibanza upande wa chokoleti, nachovya mkate wa mayai. Kwenye benchi letu kakaa mama kijana, mtoto mapajani, na bibi mmoja pembeni yao. Mtoto ana kope hizo! "Qué niño tan bonito," nikasema, mtoto mzuri huyo!

Mama akaacha kutafuna, akamvuta mtoto kifuani. Ndipo nikaona kwenye kifundo cha mkono wa mtoto uzi mwekundu, umetungwa mbegu ya kahawia kubwa kuliko komwe za bao. Ojo de venado, kinga ya jicho. Bibi hakuwa na maneno mengi. "Tóquelo." Mguse. Akanishika mkono, vidole bado vina chembe za mkate, akauweka utosini pa mtoto na kuushikilia hapo. Utosi ulikuwa wa moto, unadunda chini ya kiganja changu. Kwao, ukimsifia mtoto bila kumgusa, jicho limeshampata: homa, kulia usiku kucha, mpaka apitishiwe yai mwilini. Kwetu Tanga wangengoja mashaallah, na mkono wa mgeni ungekaa mbali. Mashaallah ikanitoka yenyewe. Bibi akaniachia, mama akarudi kwenye mkate wake.

Baada ya hapo, Puebla hadi Veracruz, nilitanguliza mkono kabla ya mdomo. Watoto wengine waliangua kilio.

Lakini kama jicho langu ndilo lenye madhara, mkono wangu mimi mimi unayaondoaje? Ningemuuliza yule bibi, ila Kihispania nilichokuwa nacho kilikuwa cha kusifu tu.