Barafu ya migebuka kutoka kwenye moto wa mawese

Hapa Mwanga, Kigoma, wananijua kama fundi friji. Wasichokijua ni kwamba ufundi niliuanzia kwenye friji zisizo na kompresa, zile za mafuta ya taa zilizotunza chanjo kwenye zahanati za vijijini. Utambi unawaka chini, chanjo zinapoa juu. Waliozibuni ni wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Moto unaifukuza amonia, gesi yenye harufu kali, kutoka kwenye maji, amonia inapoa inakuwa kimiminika, kisha inafuka tena kwenye kabati na kuondoka na joto. Mwishowe maji yanainywa upya.

Kwa hiyo mtu akiniambia moto hauwezi kuleta baridi, namwacha tu.

Kinachonikera ni joto tunalolitupa. Kabla ya gridi ya Taifa, Kigoma iliendeshwa na jenereta za dizeli. Injini ya dizeli hupoteza zaidi ya nusu ya nishati ya mafuta kama joto. Maji ya rejeta peke yake hufika nyuzi 80 hadi 90, na moshi wa ekzosi huzidi hapo kwa mbali. Yote yalienda hewani, huku mwaloni Kibirizi watu wanahangaikia barafu ya migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika.

Kuna mashine za silika jeli, zile chembe za kwenye maboksi ya viatu, zinazoridhika na joto la rejeta. Ila hizo hutoa maji ya baridi, na uniti mbili za joto zinakupa kama moja ya baridi. Kwa ofisi sawa. Muuza samaki atakucheka. Mkaa amilifu na methanoli hutoa barafu kweli, lakini mfumo mzima uko kwenye vakyumu, yaani umenyonywa hewa yote: kitundu cha sindano kikiingiza hewa, baridi imekufa na pua haijakwambia kitu. Amonia ikivuja utakimbia mwenyewe! Mimi nabaki na amonia, mabomba ya chuma matupu, maana shaba inaliwa na amonia.

Uzuri wenyewe uko kwenye kutunza. Kuna chumvi iitwayo kloridi ya kalsiamu, nayo hunywa amonia. Ukiipasha, amonia inatoka, unaikusanya kwenye mtungi ikiwa kimiminika (kwa nyuzi 30 shinikizo ni baa 11 hivi, kwa hiyo mtungi uwe wa maana), unafunga valvu. Hata wiki mbili zikipita haijapungua, wala huhitaji sponji ya kuzuia joto. Ukifungua, inafuka kurudi kwenye chumvi na baridi inaanza.

Hilo linatufaa sisi hasa. Dagaa na migebuka huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Wapika mawese hawaangalii mwezi, wanachemsha ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zikikomaa. Moto wao wa siku za mbalamwezi ungeweza kujaza mtungi, valvu ikafunguliwa giza likirudi.

Mwenye jiko kubwa la mawese karibu na mwalo, mwenye uvumilivu na vyuma chakavu vya kutosha, aniandikie.