Gopher bado inadunda jamani

Wadau, hapa Ngamiani, Tanga, nimewasha seva ya Gopher, ile njia ya kizamani ya kuchukua mafaili mtandaoni kwa menyu, kwenye laptopu ya zamani ya bro, ile ukifungua brauza ya siku hizi inaanza kuhema, nikatupia picha za mashamba ya mkonge alizoacha babu ili watu wa mtaani wajichukulie tu kwa waifai, hakuna kujisajili hakuna paswedi. Utamu wake sasa, kompyuta yako inagonga poti 70 (mlango wa Gopher kwenye seva), inatuma kamstari kamoja tu kusema inataka faili gani, seva inamwaga faili lote kisha inakata laini, imeisha hiyo. Menyu yenyewe maandishi matupu, mstari ukianza na 0 ni faili la maandishi, 1 folda, I picha, yani hata kwa telneti (programu ya kuongea na seva kwa maandishi tu) unaisoma kwa macho yako. Kitu cha 1991 hicho, Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani. Ila mambo ya siri usiweke, haifichi chochote njiani, na faili kubwa likikatikia katikati unaanza upya, hapo rsync, programu ya kunakili mafaili inayoweza kuendelea ilipoishia, ndo baba lao. Dogo mmoja kaniuliza mbona hamna matangazo 😂 Mwenye picha za treni ya Tanga-Moshi anirushie basi nizipandishe.