Siku moja maishani mwangu: siku ya Baraza la Madiwani

Saa 1:00 asubuhi. Mei Mbeya baridi haina mchezo, lakini sisi wa dawati la vikao tunatangulia: vipaza sauti vijaribiwe, rejesta iwe mezani, joho la Meya lipigwe pasi. Makabrasha yalishagawiwa. Diwani ambaye hakulifungua la kwake utamjua tu, kurasa bado zimegandana.

Saa 2:30. Madiwani wa kata za Uyole na Iyunga ndio huchelewa. Barabara kuu ni moja na malori ya Tunduma yamejipanga. Akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, tunahesabu kwa saini. Isipotimia hakuna kikao, hata mgeni kutoka kwa Mkuu wa Wilaya awe keshaketi.

Saa 3:00. Dua, ajenda, kuthibitisha muhtasari. Halafu yatokanayo, yaani utekelezaji wa maagizo ya kikao kilichopita, na kwangu kikao chenyewe ni hapa. Ni jedwali la safu tatu: namba, agizo la Baraza, utekelezaji. Safu ya tatu ndiyo kichaka cha kujificha. "Linaendelea kufanyiwa kazi" haina tarehe, haina fedha, haina mtu. Agizo la kuzoa taka za soko likijibiwa hivyo robo mbili za mwaka mfululizo, diwani mzoefu haulizi kwa nini. Anauliza: magari mangapi yanatembea, mangapi yapo gereji, mafuta yaliombwa lita ngapi, zikatoka ngapi? Swali la hesabu halijibiwi kwa hotuba.

Saa 4:30. Chai. Mweka hazina hainywi, anapanga karatasi.

Saa 5:00. Taarifa ya Kamati ya Fedha na Utawala. Meya ndiye mwenyekiti wa kamati hiyo, na ndiye anayeongoza Baraza linaloihoji. Ndivyo tulivyo, kwa hiyo wajumbe lazima wawe wakali. Tunajadili robo ya tatu ya mwaka wa fedha ulioanza Julai, yaani Januari hadi Machi, maana yake makusanyo yawe yamekaribia asilimia 75 ya lengo la mwaka. Ushuru wa mazao ukiwa chini usishtuke, mahindi na mpunga vinaanza kushuka shambani sasa. Stendi na machinjio havina msimu. Vikisuasua, omba orodha ya mashine za POS, zile za kukusanyia ushuru na kutoa risiti: iliyokusanya, iliyopeleka benki, tofauti. Tofauti hiyo ndiyo fedha mbichi, iliyokusanywa lakini haikufika benki.

Kisha mikopo ya asilimia 10, ile ya halmashauri kwa vikundi. Mapato ya ndani yasiyolindwa, yaani yasiyofungwa kwa matumizi maalumu, yakiwa, tuseme, milioni 900, milioni 90 zitengwe: 36 wanawake, 36 vijana, 18 watu wenye ulemavu. Uliza pia marejesho, huko ndiko sauti hushuka.

Saa 8:00. Barabara. Tangu 2017 za mitaa zipo TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, hivyo kumbana Mkurugenzi wa Jiji kuhusu shimo la Ilemi ni kupoteza dakika. Meneja wao aalikwe kwa barua mapema, la sivyo kiti kinabaki kitupu na hasira zinaishia hewani.

Saa 9:30. Nidhamu ya watumishi. Baraza linakaa kama kamati. Waandishi na wananchi wanatoka.

Saa 11:00. Ukumbi mtupu, naandika maazimio. Kitenzi kimoja kinaharibu kila kitu: "Baraza lilishauri" halimfungi mtu, "Baraza liliagiza" linamfunga. Nasikiliza rekodi tena. Liliagiza. Naongeza cheo cha mhusika na tarehe ya mwisho, 30 Juni.