Vuta N'Kuvute, imeisha sasa hivi

Dakika 92. Bado nina taarabu masikioni.

Filamu ya Amil Shivji ya 2021, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin kamkimbia mume aliyeozeshwa, Denge anapambana na Mwingereza. Mlioisoma riwaya, msitegemee kila kitu kimo.

Ila Mwajuma, rafiki wa Yasmin anayeimba taarabu! Anayemwigiza ni Siti Amina, mwimbaji hasa wa Zanzibar. Hapo hakuna kubabaisha midomo. Pumzi inaingia panapotakiwa.

Picha za usiku zina giza la makusudi. Kwenye simu, juani, hamtaona kitu. Zimeni taa, vaeni spika za masikioni.

Penzi la Yasmin na Denge limewaingia? Naona limekimbizwa kidogo. Haya, nibisheni.