Miguu ya Mrushaji

Zilibaki sekunde 20 robo ya nne, na timu yenye mpira ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Ilikuwa Jumamosi jioni, Upanga, Dar es Salaam, 2013, mwaka wangu wa kwanza kushika filimbi kama refa wa mpira wa kikapu. Tulichezesha wawili. Mwenzangu alisimama chini ya goli, mimi nyuma, karibu na mstari wa pointi tatu.

Kijana mmoja mwembamba akaruka nje ya mstari huo, akarusha. Nami nikafanya kile walichofanya watazamaji wote: nikauangalia mpira. Ukazunguka kwenye ringi, ukatoka. Niliposhusha macho, kijana yuko chini ameshika kifundo cha mguu, na mlinzi wake amesimama kandoni, mikono juu.

"Sijamgusa, refa!"

Mikono yake kweli haikumgusa. Mguu wake ndio sikuuona. Sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ziko wazi: mchezaji akiwa hewani ana haki ya kutua, na mlinzi haruhusiwi kuingia chini yake akishaondoka ardhini. Mlinzi akiwahi kusimama, akaruka wima na mikono juu, hana kosa hata vifua vikigongana. Akiruka kwenda mbele, hapo kosa ni lake. Bado naona vijana wakifundishwa kuchunga mikono tu, na inaniuma.

Sikupuliza. Jambo usiloliona hulipulizii, hilo sijutii. Ninachojutia ni kutoliona. Ilipaswa kuwa mitupo huru mitatu kwa kijana yule, na timu yake ikafungwa.

Baada ya mechi nilimwendea kocha wao, mzee wa makamo. Nikampa shikamoo nikitazama chini. Akaitikia, kisha akaniuliza taratibu: "Mwanangu, mpira unafanya faulo? Sasa ulikuwa unautazamia nini?"

Sikuwa na jibu. Kijana alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yake, kiatu kimoja mkononi, mguu umeshavimba mpaka soksi imembana.

Wiki iliyofuata nilikuwa uwanjani kila alfajiri na mdogo wangu. Yeye anarusha, rafiki yake anamkaba, mimi natazama kuanzia kiunoni kushuka mpaka nyayo zote nne zitue. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, maana shingo yenyewe inataka kuufuata mpira. Siku ya tatu au ya nne nikaanza kuuachia masikio: mlio wa ringi, mlio wa wavu.

Mwezi haukuisha, nikapangiwa mechi uwanja uleule. Mrushaji akaruka upande wangu, mlinzi akamfuata kwa kasi. Safari hii niliona soli ya mrushaji ikishuka juu ya kiatu cha mwenzake, kidole gumba kikitangulia, kifundo kikianza kupinda. Nikapuliza, ngumi juu. Watu walishangilia, lakini kwa kelele zile hata wavu sikuusikia. Nikamgeukia mwenzangu.

"Imeingia?"

"Imeingia."

Nikaenda mezani: pointi tatu zihesabiwe, na mtupo mmoja.