Siku Tuliyoshusha Mizigo Korongoni

Mwezi wa Septemba 2011 tuliondoka Arusha alfajiri, mimi, mjomba wangu na rafiki yangu mmoja, tukielekea Ziwa Natron kwa gari langu aina ya Land Rover Defender 110. Nilikuwa nimelinunua mwaka uliotangulia, na karibu kila mshahara ulipoingia nililiongezea kitu: keria iliyochomelewa mtaani kwa mabomba mazito ya chuma, spea tairi ya pili, jenereta, meza ya chuma, sanduku la spana ambalo watu wawili walilibeba kwa shida. Niliamini kwa dhati kwamba anayekwenda porini, mbali na fundi na duka, usalama wake ni wingi wa alivyobeba. Mjomba, aliyeendesha malori kwa miaka mingi, alilizunguka gari asubuhi ile, akatazama jinsi lilivyokaa chini upande wa nyuma, akanyamaza.

Tuliiacha lami Mto wa Mbu na kushika njia ya Engaruka. Miezi michache kabla, maelfu ya magari yalikuwa yamepeleka watu Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile, na mengi yalipita njia hiyo hiyo, hata udongo ukasagika kama unga. Palipokuwa pagumu kulikuwa na vijituta vilivyofuatana kama rasta za barabarani. Tuliposimama kwa chai niligusa shokapu ya nyuma nikautoa mkono upesi, kwa maana ilikuwa na moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

Saa nane mchana, kabla ya kufika kijiji cha Ngare Sero, tuliingia katika korongo pana la mchanga mweusi wa volkano. Katikati yake gari lilipunguza mwendo, nikaongeza mafuta, nalo likazama. Niliingia chini kwa tumbo nikaona difu ya nyuma imelala juu ya mchanga na magurudumu yanazunguka bure. Tulichimba kwa beleshi, tukapanga mawe, nikarudisha gari nyuma, likazama zaidi. Mjomba akaniambia nipunguze upepo wa tairi. Nilipunguza kidogo tu, kwa sababu mzigo ulikuwa umezikandamiza mno, na tairi iliyobeba mzigo mkubwa bila upepo wa kutosha hupata joto kali na kuchanika ubavuni inapokutana na mawe makali kama ya ukanda ule. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa shida yetu: uzito haukuwa umetuzamisha tu, ulikuwa pia umetunyang'anya dawa ya kuzama.

Tukiwa tumeketi kivulini mwa gari, alifika mzee mmoja wa Kimaasai pamoja na mwanamke aliyekuwa akiswaga punda watatu. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akatazama keria kwa muda mrefu.

"Mnahamia wapi?" akauliza.

Aliuliza kwa nia njema kabisa, kwa kuwa mtu anayehama boma hubeba nyumba yake. Nilimjibu kwamba tunakwenda kulala ziwani siku nne. Hakusema zaidi, ila mimi nilibaki nikiwatazama wale punda. Kila mmoja alikuwa na mifuko miwili ya ngozi, mmoja kila ubavu, imening'inia chini kwenye mbavu, na mgongoni juu hapakuwa na kitu. Kabla hawajaondoka, yule mwanamke aliuinua mfuko wa kulia kwa kiganja, akauinua wa kushoto, akahamisha kibuyu kimoja kutoka huku kwenda huku, akaridhika, wakaondoka.

Mjomba akasimama. "Mpwa wangu, shusha."

"Kipi, mjomba?"

"Vyote."

Tulivishusha vyote, tukavibeba begani hatua kama mia hadi ng'ambo, juani. Ukishabeba kitu kwa bega lako katika mchanga unakifahamu upya. Kwenye keria peke yake tulikuta hema la turubai na nguzo zake za chuma, spea tairi ya pili, na madumu manne ya chuma yaliyojaa dizeli. Ukijumlisha na keria yenyewe, ilikuwa karibu kilo 250 zilizokaa juu ya vichwa vyetu, mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa gari lenye mzigo juu huinama vibaya kwenye miteremko ya ubavu. Jenereta na sanduku la spana vilikuwa nyuma kabisa, kupita ekseli, ambako uzito huyainulia juu magurudumu ya mbele.

Gari lilipobaki tupu nilishusha upepo hadi paundi 18, nikaweka gia nzito, nikaachia klachi taratibu. Lilitoka bila kusukumwa.

Ng'ambo tulitandaza turubai tukaanza kuchambua, na mabishano marefu yalikuwa juu ya maji. Tulikuwa na lita 140, maana yake kilo 140. Rafiki yangu alitaka tumwage nusu. Nilikataa, na mpaka leo sijabadili msimamo huo: maji hayapunguzwi kwa hasira ya kukwama. Tulikaa tukahesabu lita tano kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, ikawa lita 60 kwa siku zote nne. Mjomba alikuwa na hakika kwamba mto wa Ngare Sero unashuka na maji baridi kutoka ukingo wa bonde, ingawa ziwa lenyewe ni magadi matupu. Tukabakiza lita 80. Jenereta, meza, tairi ya pili, nusu ya spana na kreti mbili za makopo tuliziacha kijijini kwa mwenye duka, kwa ujira tuliopatana.

Baadaye, nilipolipakia gari kama lilivyokuwa na kulipima kwenye mizani ya ghala la mazao, lilisoma kilo 3,260. Kwenye bamba la kiwanda, kikomo ni 3,050.

Siku ya kurudi nilisimamisha gari baada ya kuvuka korongo lile, nikarudi kwa miguu. Mifereji yetu ya siku ya kwanza ilikuwa bado ipo. Nilitia mkono katika mmoja, ukazama karibu na kiwiko. Kisha nikapima alama tuliyoiacha dakika chache kabla, hatua tatu pembeni, katika mchanga ule ule: ilifika kwenye vifundo vya vidole. Mjomba alikuja akachuchumaa kando yangu, naye akatia mkono.